Chungu cha Mwanamvua

Mfunua chungu si chake, mvuke ni wa uso wake.

Watu huitamka methali hii haraka haraka, nusu yake wakiimeza, kana kwamba kila mtu alizaliwa anaijua. Lakini ina kwao, na ina siku yake ya kuzaliwa, na Bibi Tausi aliwasimulia wajukuu wake siku hiyo wakiwa uani, ungo wa mchele magotini mwake, wao wakitoa chuya na vijiwe.

Aliyesababisha ni Salha. Salha alikuwa kidato cha tatu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa simu. Humo simuni alikuwa na video ya binamu yake Mwajabu akipanda jukwaani kuchukua cheti cha ushonaji, akajikwaa, akatumbukia ndani ya ngoma kubwa ya bendi, miguu juu, kofia ya mahafali bado kichwani. Mwajabu mwenyewe alikuwa bafuni akioga, maana alasiri ile watu wa posa walikuwa wanakuja kumtazama.

"Wakishakula wali tu, nawawekea hii," alisema Salha. "Watacheka hao mpaka wasahau mahari."

Bibi Tausi hakuinua macho kwenye ungo. "Mfunua chungu si chake."

"Mvuke ni wa uso wake," akamalizia Kibibi, mdogo wake Salha, kwa sauti ya darasani. Kisha akakunja uso. "Lakini Bibi, chungu gani? Hapa pana simu tu."

"Na shuleni tuna neno lake la Kiingereza," akadakia Salha. "Humiliate. Mwalimu katuambia ni kumwaibisha mtu mbele za watu, na asili yake ni neno la Kilatini cha kale, lenye maana ya udongo. Yaani unamshusha mtu chini mpaka udongoni."

"Hiyu-nini?"

"Humiliate, Bibi."

"Haya. Kumbe na wao walijua kuwa ni mambo ya udongo." Bibi Tausi akapeta mchele mara moja, makapi yakaruka. "Sisi twasema kumuumbua mtu. Mungu kamuumba, wewe unamuumbua, unamrudisha topeni. Mfinyanzi akilisikia neno hilo hukishika chungu chake vizuri. Sasa chambueni, mikono isilale, niwaeleze ilivyoanza."

*

Chini ya milima, pale mto unapojikunja kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, palikuwa na kijiji cha Kwemfinya. Wanaume wake walilima mahindi kama wanaume wa mahali popote, na hakuna aliyewasifu kwa hilo. Sifa ya kijiji ilikuwa mikononi mwa wanawake. Chungu cha Kwemfinya ukikigonga kilijibu kama kengele, na mchuzi uliopikwa ndani yake ulilala siku mbili bila kuchacha.

Shimo la udongo lilikuwa la wanawake peke yao. Mwanamume akitaka kupita karibu, alianza kukohoa angali mbali. Na mwanamke aliyeolewa, awe mzaliwa wa pale au mgeni, hakushuka shimoni mpaka apite Siku ya Chungu. Siku hiyo alipika mbele ya wafinyanzi wote, ndani ya chungu alichokifinyanga mwenyewe. Akifaulu, alipewa jembe la kuchimbia udongo na ruhusa ya kupanga mafiga yake matatu, akawa mtu mzima mwenye jiko lake. Asipofaulu, alingoja mavuno mengine, akiendelea kupika kwenye mafiga ya mama mkwe na kuazimwa upawa kama mtoto.

Kulikuwa na desturi mbili za kujua. Ya kwanza, kila mfinyanzi alikuwa na alama yake, aliyoichora kwa ukucha chini kidogo ya ukingo wa chungu, pale mfuniko unapopafunika. Ya pili, Siku ya Chungu mfuniko uligandishwa kwa unga wa mtama uliokandwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuufunua ila mpishi mwenyewe. Si mama yake, si mkubwa wa wafinyanzi. Ukiuliza kwa nini, walikujibu, "Ndivyo tulivyokuta," wakaendelea na kazi.

Basi kijijini hapo aliolewa Mwanamvua, binti wa wachemsha chumvi wa pwani. Mbaruku, kijana wa kijiji, alikwenda huko kuuza vyungu, akarudi na mifuko ya chumvi na uso wa mtu aliyeacha kitu nyuma. Safari ya pili alikwenda kukichukua. Mwanamvua alikuwa mwembamba, mchangamfu, mwenye mikono mikavu iliyochunwa na maji ya chumvi, na alilitamani jiko lake mwenyewe kama mtu anavyotamani kukaa baada ya safari ndefu. Si kwamba mama mkwe wake alikuwa mbaya. Bi Mwantumu alikuwa mpole kama uji. Lakini kila asubuhi Mwanamvua alipoyasogelea yale mafiga ya watu, alijiona mgeni ambaye bado hajaambiwa karibu.

Na palikuwa na Semeni.

Semeni alikuwa binti mkubwa wa Bi Mwantumu, ameolewa nyumba ya tatu tu kutoka hapo. Katika ufinyanzi hakuwa na mpinzani. Katika maneno pia hakuwa na mpinzani. Alimwita wifi yake Binti Chumvi, na kila alipomwona na udongo mikononi alisema, "Polepole, wifi, usije ukautia munyu." Kisha angesimulia, kwa mara isiyojulikana ya ngapi, juu ya Siku yake mwenyewe: alivyofinyanga kwa mikono hii, alivyopika, na jinsi Bibi Mosi, mkubwa wa wafinyanzi, alivyoramba vidole.

Mwanamvua alicheka naye. Usiku alikuwa akifinyanga angani kwa vidole, kitandani, mpaka Mbaruku akamwambia, "Mke wangu, umenifinya sikio."

Alivunja cha kwanza, akavunja cha pili. Cha tatu kikasimama. Kilikuwa kimepinda kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza siri, lakini kilisimama. Chini ya ukingo wake akachora alama aliyoibuni mwenyewe, tone la mvua. Bi Mwantumu akakizunguka, akakisifu, akamwambia, "Sasa kiache kikauke vizuri, kisha tutakichoma."

Kiache kikauke vizuri. Maneno hayo tu.

Jioni ya kuamkia Siku yake wakakichoma pamoja na vingine, chini ya nyasi na vinyesi vya ng'ombe. Alfajiri wakaondoa majivu. Vyungu vya wengine vilikuwa vimelala vyekundu kama embe. Cha Mwanamvua kilikuwa vigae saba, na kimoja cha hivyo kilikuwa na tone la mvua.

Bi Mwantumu alichuchumaa, akakiokota kigae, akakigeuza. "Mwanangu, ulikikausha wapi?"

"Juani, mama."

"Juani!"

"Nilikitafutia jua kali kuliko yote. Kutwa nzima nilikuwa nakihamisha kikilifuata."

Bi Mwantumu alitia mkono mdomoni. Haikujulikana kama anataka kucheka au kulia. "Ole wangu! Nilikwambia kikauke, sikukwambia kivulini. Nani huku hajui kuwa ni kivulini?"

"Kwetu jua ndilo linalotupa chumvi," alisema Mwanamvua, na machozi yakaanza.

"Na kwetu ndilo linalotupa vigae. Basi, nyamaza. Kosa hili tumelifinyanga wawili."

Akaingia ndani, akapanda darini, akashuka na kitu kilichofungwa kwenye mkeka chakavu. Alipoufungua mkeka, ndani mlikuwa na chungu kizuri, cha miaka, lakini kama hakijapikiwa zaidi ya mara moja.

"Pika humu."

"Si changu, mama."

"Chungu hakiulizwi. Kifunike, kigandishe, pika. Mavuno yajayo utafinyanga vyako mpaka tukose pa kuviweka."

Mwanamvua alitaka kukataa. Kisha akayatazama yale mafiga matatu mapya ambayo Mbaruku aliyabeba kutoka mtoni kwa mgongo wake, yamekaa ukutani yakimngoja. Akakipokea chungu.

Wote wawili hawakumwona Semeni, aliyekuwa amekuja kuomba kaa la moto. Alisimama nyuma ya ua, akaviona vigae kwenye majivu, akaondoka bila kaa na bila kuaga.

*

Jua lilipopanda wanawake walijaa uani kwa Bi Mwantumu. Bibi Mosi aliketi kwenye mkeka wa mbele, mdogo wa mwili, mkubwa wa masikio. Chungu kilikuwa motoni, kunde za nazi na samaki wa ng'onda ndani yake, mfuniko ukitetemeka chini ya ule unga uliougandisha. Harufu ilikuwa imeshawapatanisha watu ambao hawakusalimiana tangu wiki iliyopita.

Semeni alikuja mwisho, amejipamba, macho yamejaa wanja.

"Hodi kwa Binti Chumvi! Lakini wifi, mbona chungu chako kimenenepa tangu jana?"

Wanawake wakacheka.

"Kimeshiba kunde, wifi," alijibu Mwanamvua. Wakacheka tena, na safari hii kwa upande wake.

"Na kule kupinda? Jana kilikuwa kimepinda kama mzee anayesikiliza uvumi. Leo kimenyooka! Dawa gani hiyo, na mimi nimnyooshe mume wangu?"

Kicheko kikapanda. Mwanamvua akashika upawa kwa mikono miwili. Alijua wifi anajua. Mbele yake mafiga ya Mbaruku yalikuwa pale ukutani, hatua chache tu, na aliyaona yakienda mbali.

"Semeni, kaa chini," alisema mama yake.

"Nakaa, mama. Ila mimi nasikia harufu ya kuungua. Nyie hamsikii? Wifi yangu huyu mgeni, hajui moto wetu. Ngoja nimsaidie."

"Semeni! Usikifunue!"

Lakini Semeni alikuwa keshafika. Akashika mfuniko kwa ncha ya kanga, akauvuta kwa nguvu, unga ukakatika, na mvuke wote uliokuwa umefungiwa tangu asubuhi ukatoka kwa pamoja. Fuuu! Ukampata usoni, barabara. Akapiga ukelele. Wanja ukashuka mashavuni mistari mistari. Kipande cha unga kikaruka kikamganda puani.

Mtu mwingine angeukimbia mvuke ule. Semeni, macho kayafumba, alipeleka mkono ukingoni mwa chungu, maana vidole vya mfinyanzi vimezoea moto, na alama huzisoma gizani.

"Ukucha wa kuku!" alipaza sauti. "Mistari mitatu! Alama ya mama yangu hii! Chungu si chake, jamani, amekiazima! Chake ni vigae, viko majivuni, nendeni mkatazame!"

Ua ukanyamaza. Hata kunde zilionekana kuchemka kwa adabu. Mwanamvua alitazama miguu yake. Alitamani ardhi imfungulie mlango.

Bibi Mosi ndiye aliyesema, polepole, kama anayeuliza bei ya ndizi. "Mistari mitatu tu, Semeni? Zungusha kidole."

"Mistari mitatu, bibi. Alama ya mama."

"Nimekusikia. Zungusha kidole."

Semeni akazungusha. Kidole kikaenda, kikaenda, kisha kikatumbukia mahali. Akakirudisha, akakipeleka tena.

"Pana pengo," alisema. Sauti ilikuwa imepungua.

"Pengo la nini?"

Kidole cha Semeni kikabaki pale pale pengoni.

"Basi nitakukumbusha mimi," alisema Bibi Mosi. "Palikuwa na mwali mmoja, Siku yake, mwenye maneno mengi lakini mikono inatetemeka. Akagonga ukingo wa chungu kwa upawa. Kijigae kikaruka, kikaangukia bakuli langu. Mimi nikakitafuna, nikidhani mfupa wa ng'onda." Akafungua mdomo wake mpana, akaelekeza kidole. Mbele palikuwa na nafasi ya jino. "Mapengo mawili, ya siku moja. Lile pale na hili hapa. Mwali huyo alikuwa nani?"

"Mimi, bibi."

"Na chungu kilikuwa cha nani?"

Semeni alifungua mdomo. Akisema ni changu, ukucha wa kuku ulikuwa pale pale chini ya kidole chake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeutangaza. Akisema ni cha mama, basi miaka yote ile, mikono hii, vidole kurambwa, vyote vimekwenda na maji. Hadithi ile alikuwa ameisimulia mpaka mwenyewe akaiamini, akakisahau chungu darini. Sasa, yeye aliyepewa jina la Semeni tangu kuzaliwa, hakuwa na la kusema.

Kicheko kilianzia nyuma, kwa msichana mmoja aliyeshindwa kujizuia, kikaja mbele kama maji yaliyovunja boma. Wakashika mbavu, wakaegemeana. "Vidole alivyoramba Bibi Mosi, kumbe alikuwa anatafuta jino!" alisema mmoja, na kicheko kikaanza upya. Semeni alisimama katikati, wanja shavuni, unga puani, macho yakimwasha, hajui pa kuuweka uso wake.

Mwanamvua alimtazama. Kitambo kidogo tu kilichopita yeye ndiye aliyekuwa pale, na joto la pale alilijua. Akauvua ushungi wake, akamfunika wifi yake kichwa na uso, akamgeuza akaupa umati mgongo.

"Macho yanakuwasha, wifi? Yafumbe, nikufute."

"Niache," alinong'ona Semeni ndani ya kanga. "Niache niadhirike, nimeyataka."

"Utaadhirika kesho. Leo kuna kunde."

Ndani ya kanga kukatoka sauti. Watu walidhani analia. Ilikuwa nusu yake tu.

Kisha Mwanamvua akageuka. "Bibi, ni kweli. Changu nilikikausha juani, kikapasuka. Hiki nimekiazima. Mafiga siyataki leo. Nitangoja mavuno mengine."

Bibi Mosi akawageukia wanawake wote, akawapitia mmoja mmoja kwa macho. "Kabla sijahukumu. Nani mwingine ana chungu cha kufunuliwa hapa? Bado pana mfuniko, na mvuke upo."

Wanawake wengi wakaanza ghafla kutafuta vitu chini. Mmoja akashikwa na kikohozi ambacho asubuhi hakuwa nacho. Msichana aliyeanza kucheka akamtazama mama yake, na mama yake akatazama paa.

"Mh," alisema Bibi Mosi. "Basi sasa mnajua kwa nini waliotutangulia walikataza. Hawakuwa wajinga." Akavuta bakuli lake. "Mwanamvua, mafiga hupati leo, umesema mwenyewe. Lakini jembe la kuchimbia udongo utashika kesho asubuhi. Aliyesema kosa lake bila kuulizwa, na akamfunika aliyemfunua, shimo halimkatai. Na wa kukuonyesha kivuli kilipo ni wifi yako, maana mikono kama yake hatuna. Semeni, umesikia?"

"Nimesikia, bibi," ilijibu kanga.

"Haya, pakueni. Na ng'onda wangu atolewe mifupa."

*

Walishuka shimoni pamoja, mawifi wawili. Siku za mwanzo hawakuongea sana. Kisha Semeni, ambaye kimya kilimchosha kuliko kuchimba, akaanza kufundisha: udongo unaukanda mpaka ukujibu, ukuta unauinua bila haraka, na chungu unakiweka kivulini, chini ya majani ya mgomba. "Na usikifuate fuate, si mchumba." Mwanamvua naye alimfundisha kupika ng'onda wa kipwani. Nyimbo za kutwangia udongo zilikuwa nyingi kijijini, lakini mwaka ule ukazuka mmoja mpya. Hakuna aliyejua nani aliutunga. Upande mmoja uliita, *Mfunua chungu si chake!* na upande wa pili ukaitikia, *Mvuke ni wa uso wake!* Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Semeni.

Mavuno yakaja. Mwanamvua akapika mbele ya watu, ndani ya chungu kilichopinda kidogo upande mmoja, chenye tone la mvua chini ya ukingo. Semeni alikaa mbali kabisa na moto, mikono ameikalia. Mwanamvua alipoufunua mfuniko mwenyewe, polepole, mvuke ukapanda juu, ukaenda zake, haukumgusa mtu. Jioni ile Mbaruku aliyatoa mafiga ukutani. Aliyemshikia upande wa pili kuyapanga alikuwa wifi.

Vyungu vya Kwemfinya vikaendelea kwenda sokoni, na maneno ya ule wimbo yakaenda navyo, soko hadi soko, mpaka yakasahau yalikotoka.

*

Bibi Tausi akapeta mchele mara ya mwisho. Ungo ulikuwa safi.

Kibibi alikuwa bado anacheka juu ya jino la Bibi Mosi. Simu ilikuwa pajani mwa Salha, na kidole gumba kilikuwa juu ya kioo, kinafikiri. Alikumbuka siku aliyopanda yeye mwenyewe jukwaani kuimba kaswida, maneno yakamkimbia yote, na aliyetoka nyuma akamwimbia mstari wa kwanza mpaka akaendelea ni Mwajabu. Hilo nalo hakuna aliyewahi kulisema.

Kidole kikashuka. Video ikafutika.

Mlango wa bafu ukalia. Mwajabu akatoka, kanga kifuani, maji yakimdondoka, akawakuta wote wanamtazama.

"Mnacheka nini nyie? Mnanisema?"

"Tunazungumzia chungu, dada," alisema Salha, akasimama kumpokea ndoo. "Njoo nikusuke, wageni wako karibu kufika."

"Chungu gani tena?"

Salha alimtazama bibi yake, akatabasamu, akaita kama wanavyoita watwanga udongo:

"Mfunua chungu si chake!"

Na Kibibi na Bibi Tausi wakaitikia kwa pamoja, kila neno likiwa zima, hakuna lililomezwa:

"Mvuke ni wa uso wake."